Mshahara wa Miezi Mitano

Usianze na mafuta, Lali. Kila mtu huanza na mafuta.
Anza na kitambaa kikavu, kile cha kikoi kilichochanika,
ukipitishe kwenye mpini kama unampangusa mtoto uso
naye amelala.
Vumbi la Langoni si vumbi tu: lina chumvi,
lina kinyesi cha punda kilichokauka kikasagika,
lina unga wa mbao wa mafundi wa milango hapo jirani.
Ukipaka mafuta juu yake umelifanya tope,
na tope likiingia kwenye mshono wa ngozi
halitoki mpaka mshono wenyewe utoke.

Baba alijifunza hayo kwa hasara.
Mwaka wa kwanza alipaka mafuta ya nazi, mazuri, kayakamua Mama.
Ala ziking'aa wiki mbili;
ya tatu, nyumba ikanuka kama nywele za bibi harusi aliyesahauliwa,
na sisimizi wakapanga foleni kutoka dirishani.
Mama akauliza: "Panga zako hizi zataka kuolewa au kuliwa?"

Wageni wakiingia huuliza ni panga za vita gani.
Nawaambia: vita vya mishahara.
Baba alikuwa bawabu wa hoteli, upande wa Shela.
Zilitundikwa nyuma ya meza ya mapokezi, watu wapige picha.
Hoteli ilipofungwa, mwenyewe alikwishapanda ndege.
Mpishi alichukua jokofu. Mfagiaji, mapazia.
Baba alifika mwisho kwa kuwa alikuwa zamuni,
akakuta ukuta, na ukutani panga tatu.
Miezi mitano.
Akazibeba kichwani, kazifunga kwa shuka la chumba nambari saba,
watoto wakimfuata nyuma wakidhani ni maulidi.

Huu mrefu, mpini wake ni mpingo. Gonga. Wasikia? Jiwe.
Huu hauna makuu: nta kidogo ya nyuki, mara mbili kwa mwaka,
usugue mpaka kiganja kipate moto.

Huu wa pili usikudanganye.
Ni mbao nyeupe iliyopakwa rangi ya viatu.
Fundi Bunu aliukwangua kwa ukucha, akacheka mpaka akakaa chini.
Baba hakucheka. Aliupaka nta vilevile,
siku ileile, kiasi kilekile.
"Haukuomba kupakwa rangi," alisema.

Wa tatu umefungwa ngozi ya mbuzi, na hapa ndipo penye kazi.
Ngozi, hata kama mbuzi wake alikufa kabla hujazaliwa,
bado ina kiu.
Kiu, si ulafi. Tone kwenye kidole, kidole kwenye ngozi, basi.
Ikiwa nyeusi umezidisha. Ikipasuka kama kisigino, umeisahau.
Usiianike juani.
Wala upanga usilale ndani ya ala:
ngozi hunywa unyevu wa usiku, asubuhi hukitapikia chuma kutu.
Ala huku, upanga kule, kama mume na mke waliogombana
na nyumba ni moja.

"Ngozi haitaki mafuta mangi," Baba alikuwa akisema. "Yataka mkono."

Mwezi uliopita alikuja mkusanyaji kutoka Malindi,
miwani ikining'inia kifuani.
Aligeuza, akanusa, akapima kwa utepe.
Vyuma, akasema, ni vya kiwandani, havijatimiza miaka arobaini.
Kisha akaunyanyua ule wa rangi ya viatu kwenye mwanga wa daka,
akanyamaza kidogo.
"Lakini mipini hii imeshikwa na mtu."
Akataja bei.
Nikapiga hesabu: mshahara wa mwezi mmoja na nusu,
kwa kiwango cha miaka ile.

Nikamtolea kahawa. Akanywa. Akaenda.

Sasa tazama hapa, karibu na chuma, mahali rangi ilipofifia.
Hicho ni kidole gumba cha mtu
ambaye hata kuku alikuwa akimpelekea jirani amchinjie.
Weka chako.
Hakijai? Kitajaa.

La, rudisha chupa. Kitambaa kwanza.